Sifuri na Nafasi Tupu: Historia ya Hesabu ya Ndege ya Januari Ikitazamwa Kutoka Kasokola, Mkoani Katavi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya hesabu ya ndege wa majini inayofanywa mwezi Januari na watu wa kujitolea, na namna utaratibu huo ulivyofika Tanzania. Hoja kuu ni kwamba hesabu hii iliundwa kwa kufuata majira ya baridi ya nchi za kaskazini. Ilipoletwa katika mkoa wa Katavi ilikutana na masika, barabara zisizopitika na wakulima walio katikati ya palizi. Matokeo yake ni kumbukumbu zenye nafasi nyingi tupu, na nafasi hizo zimekuwa rahisi kusomwa kana kwamba ni sifuri. Makala yanaonesha kuwa tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu ina uzito kwa mwanahistoria, na pia kwa mustakabali wa Mto Katuma na mabwawa yanayoutegemea.

1. Utangulizi

Tangu Muungano wa mwaka 1964, Tanzania imehesabu watu wake mara sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa zote sita zilifanyika mwezi Agosti. Uteuzi huo una mantiki yake. Agosti ni kiangazi katika sehemu kubwa ya nchi. Barabara hupitika, mavuno yamekwisha kuingia ghalani, na karani wa sensa akibisha hodi ana matumaini ya kumkuta mwenye nyumba. Serikali iliyataka majira yanayomfaa mhesabiwa na mhesabuji kwa pamoja.

Ndege wa majini huhesabiwa Januari. Kwa mkazi wa Kasokola, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, Januari ni katikati ya masika. Mvua za Katavi ni za msimu mmoja, kuanzia takribani Novemba hadi Aprili. Katika mwezi huo mbuga hujaa maji, njia za udongo hugeuka matope, na kila mwenye jembe yuko shambani akipalilia. Swali la makala haya linatoka katika mgongano huo: kwa nini ndege wa Katavi wahesabiwe katika mwezi ambao ni vigumu zaidi kuwafikia? Na ugumu huo umeacha alama gani katika kumbukumbu tulizonazo?

Kasokola imechaguliwa kwa kuwa historia ya hesabu ya ndege imezoea kuandikwa kutoka upande wa walioipanga. Mpanda ipo mwendo mfupi tu kutoka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, lakini ni mbali sana na Arusha, Dar es Salaam na Nairobi, miji ambako wengi wa wenye darubini na orodha waliishi. Anayeitazama historia hii kutoka Kasokola huyaona kwanza yale yaliyoachwa nje ya karatasi.

2. Chimbuko la hesabu ya majira ya baridi

Hesabu ya ndege inayofanywa na raia wa kawaida ilianza Marekani. Huko kulikuwa na desturi ya Krismasi ya makundi ya wawindaji kushindana kuua ndege na wanyama wengi kadiri walivyoweza. Mwaka 1900, Frank Chapman wa Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya Marekani, New York, aliyekuwa pia mhariri wa jarida la Bird-Lore, aliwaomba wasomaji wake waihesabu siku hiyo kwa macho badala ya bunduki. Watu 27 waliitikia, wakahesabu katika maeneo 25. Wazo hilo dogo lilidumu, likapita karne nzima, na likawa mfano kwa nchi nyingine.

Ulaya ilikuwa na sababu yake ya kuchagua baridi. Maziwa na vinamasi vya kaskazini vikiganda, mabata na ndege wengine wa majini hukusanyika kwenye maji machache yasiyoganda. Katikati ya Januari huwa wametulia. Safari ya kwenda kusini imekwisha na ile ya kurudi haijaanza. Kwa hiyo mtu mmoja akisimama kando ya ghuba asubuhi moja anaweza kuhesabu kundi zima bila hofu kubwa ya kulihesabu mara mbili. Mwaka 1967 Hesabu ya Kimataifa ya Ndege wa Majini ilianzishwa kwa msingi huo. Mwaka huohuo Tanzania ilifanya sensa yake ya kwanza ya watu baada ya uhuru. Hesabu hizo mbili hazikuhusiana kwa lolote, ila kila moja ilichagua mwezi uliowafaa waliokusudiwa kuhesabiwa.

Baada ya miaka minne, namba hizo zilipata nguvu ya kisheria. Mkataba wa Ramsar juu ya ardhi oevu ulitiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971. Miongoni mwa vigezo vilivyokuja kutumika kuitambua ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa ni viwili vinavyotegemea hesabu moja kwa moja: eneo liwe linapokea ndege wa majini 20,000 au zaidi kwa kawaida, au liwe linahifadhi asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani. Kwa vigezo hivyo viwili, ziwa lisilohesabiwa halina namna ya kujitetea. Linaweza kuwa na ndege 50,000 kila mwaka, lakini kama hakuna aliyesimama ukingoni na kalamu, mbele ya mkataba halina kitu.

3. Orodha za awali za Bonde la Rukwa

Isidhaniwe kuwa kabla ya hapo hakuna aliyewatazama ndege wa magharibi. Walitazamwa, ila kwa sababu nyingine. Kati ya mwaka 1930 na 1944, nzige wekundu walienea katika sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki, kati na kusini, na chanzo cha balaa hilo kilibainika kuwa mbuga za Rukwa na Mweru wa Ntipa. Mwaka 1949 liliundwa shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Wataalamu wa shirika hilo walikaa katika Bonde la Rukwa msimu hadi msimu, wakipima nyasi, maji na mayai ya nzige.

Mmoja wao, Desmond Vesey-FitzGerald, alikuwa na jicho la kuona zaidi ya nzige. Mwaka 1960 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha orodha yenye maelezo ya ndege wa Bonde la Rukwa, iliyoandaliwa naye pamoja na mwenzake Beesley. Orodha hiyo ni hazina kwa mtafiti. Hata hivyo, ni lazima isomwe kwa kuzingatia mipaka yake. Orodha humwambia msomaji kuwa mwari yupo, kwarara yupo, mnandi yupo, lakini haimwambii ni wangapi. Kwa hiyo mtafiti wa leo hawezi kuilinganisha na namba ya mwaka mwingine, akasema wamepungua au wameongezeka.

Tukio hili linaonesha pia kuwa dola, ya kikoloni na ya baada ya uhuru, iliwatazama viumbe wenye mabawa hasa walipotishia chakula. Baada ya nzige walikuja kwelea kwelea. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, lilikuja kujihusisha pia na ndege hao waharibifu wa nafaka. Maofisa wa kilimo wamekuwa wakikadiria ukubwa wa makundi ya kwelea kwelea ili ndege ya kunyunyizia dawa ijue pa kwenda. Fungu la kumhesabu kwelea kwelea limepatikana kwa kuwa anakula mtama na mpunga wa mtu. Kwarara, anayepekua matope bila kumdhuru yeyote, ilibidi asubiri watu wa kujitolea.

4. Hesabu ya Januari yaingia Afrika Mashariki

Watu hao walianza kujipanga barani Afrika mwaka 1991, ilipoanzishwa hesabu ya ndege wa majini ya Afrika kama tawi la ile ya kimataifa. Nchini Kenya, Makumbusho ya Taifa yaliongoza hesabu za Januari katika maziwa ya Bonde la Ufa kuanzia mwaka huo, yakitegemea kwa kiasi kikubwa wanafunzi, walimu, waongoza watalii na wapenzi wa ndege waliojitolea. Maziwa hayo yalikuwa na bahati ya kijiografia: Naivasha, Elmenteita na Nakuru yamepangana kandokando ya barabara kuu itokayo Nairobi, na Januari kwao kwa kawaida ni kipindi cha ukavu kati ya vuli na masika. Kalenda ya Ulaya iliwafaa bila marekebisho makubwa.

Tanzania ilifuata. Shirika la WCST, chama cha uhifadhi wa wanyamapori kilichoundwa mwaka 1988, liliratibu hesabu ya kwanza ya pamoja ya ardhi oevu kubwa za nchi mnamo Januari 1995. Ripoti yake, iliyoandaliwa na Neil Baker, ilitoka mwaka 1996. Hesabu nyingine ya taifa ilifanyika Januari 2005. Katikati ya hizo mbili, mwaka 2002, Neil na Liz Baker walichapisha kitabu kinachoorodhesha maeneo muhimu kwa ndege nchini, na mradi wao wa atlasi ya ndege wa Tanzania uliendelea kupokea kumbukumbu za watu wengi waliojitolea, mwezi baada ya mwezi.

Namna ya kuhesabu yenyewe si ya siri wala ya anasa. Watu huenda wawiliwawili. Mmoja hutazama kwa darubini na kutaja, mwingine huandika. Kundi dogo huhesabiwa ndege mmoja mmoja. Kundi kubwa hukadiriwa kwa mafungu: jicho hujifunza ndege kumi wanachukua nafasi kiasi gani, kisha mia, kisha elfu, na fungu hilo husogezwa juu ya kundi zima kama pishi juu ya lundo la mahindi. Mwishoni fomu hujazwa: mahali, tarehe, saa, hali ya hewa, eneo lililoonekana na eneo lisiloonekana.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kiini cha makala haya. Mhesabuji aliyefika bwawani, akatazama kwa makini na asione mnandi hata mmoja, anaandika sifuri. Sifuri hiyo ni ushahidi: imelipiwa kwa nauli, kwa matope na kwa asubuhi nzima. Mhesabuji ambaye hakufika haandiki kitu, na nafasi inabaki tupu. Hatari huja baadaye, namba zinapohamishwa kutoka fomu hadi jedwali, kutoka jedwali hadi ramani, na kutoka ramani hadi uamuzi wa kugawa fedha. Katika kila hatua, nafasi tupu huelekea kuchukuliwa kuwa sifuri. Mahali ambapo hapakufikiwa hugeuka mahali ambapo hapana kitu.

5. Januari ya Katavi

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 na sasa ina ukubwa wa kilometa za mraba 4,471. Uhai wake unategemea Mto Katuma, unaolisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yake huelekea Ziwa Rukwa kupitia Mto Kavuu. Jina la hifadhi lenyewe linahusishwa na Katabi, mzimu ambao wenyeji, wakiwemo Wabende, husimulia kuwa anakaa katika mkwaju kandokando ya ziwa. Yaani, kabla ya kuwa eneo la kuhesabia, ziwa lilikuwa mahali pa kupeleka sadaka.

Wakati wa kiangazi, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba, maji hupungua na kubaki madimbwi machache. Viboko hubanana humo kwa mamia. Ndege nao hukusanyika: mwari, korongo, kongoti, yangeyange na kwarara huzunguka samaki na konokono walionaswa katika maji yanayokauka. Ni katika miezi hii ambapo mtu aliyesimama mahali pamoja angeweza kuhesabu sehemu kubwa ya ndege wa mbuga nzima. Kwa maneno mengine, kiangazi cha Katavi hufanya kazi ileile inayofanywa na barafu ya Ulaya: hupunguza maji na kuwakusanya ndege.

Januari mambo hugeuka. Mbuga ya Katisunga na mbuga ya Chada hujaa maji, na ndege hutawanyika katika kila kidimbwi, jaruba na kijito. Vitwitwi waliotoka kaskazini ya dunia wapo, lakini wamesambaa katika nyasi ndefu. Njia za hifadhini hazipitiki kwa urahisi, na kambi nyingi za watalii hufungwa masika yanapokolea. Anayehesabu katika mwezi huo huweza kupata idadi ndogo katika eneo lililojaa ndege, naye akawa hajakosea kuhesabu.

Waratibu hawakuwa vipofu kwa jambo hili. Utaratibu wa Afrika ulitoa nafasi ya hesabu ya pili mwezi Julai, kwa ajili ya ndege wasiohama nje ya bara na majira yasiyofanana na ya Ulaya. Hata hivyo, Januari ndiyo iliyobaki na uzito, kwa kuwa ndiyo inayounganika na namba za Ulaya na Asia. Sababu hiyo haiwezi kupuuzwa: kitwitwi anayezaliana Siberia na kula matope ya Rukwa lazima ahesabiwe katika kipindi kimoja kote anakopita, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa ndege wa majini wahamaji uliokubaliwa The Hague mwaka 1995. Kosa lilikuwa kuifanya Januari iwe peke yake. Kwa maeneo kama Katavi, hesabu ya Januari hujibu swali la dunia, na hesabu ya kiangazi hujibu swali la bonde.

6. Mto Katuma na gharama ya nafasi tupu

Swali la bonde limezidi kuwa la haraka. Mwaka 2010, Manase Elisa na wenzake walichapisha tathmini ya upungufu wa maji katika hifadhi za Tanzania, wakiweka mkazo kwenye Mto Katuma na Ziwa Rukwa. Walieleza namna mabwawa na mifereji ya umwagiliaji iliyojengwa juu ya hifadhi inavyozuia maji ya kiangazi, hata mto uliokuwa ukitiririka ukakatika. Picha za viboko waliokwama katika matope ya Katavi zimekuwa zikijitokeza tena na tena tangu wakati huo.

Mwanahistoria akitaka kujua mabadiliko hayo yamewafanya nini ndege, anarudi kwenye kumbukumbu. Anakuta orodha ya 1960 isiyo na idadi. Anakuta hesabu mbili za taifa zilizopishana kwa miaka kumi, zote za Januari, mwezi ambao mto umejaa na tatizo halionekani. Kuhusu kiangazi, ambacho ndicho chenye kesi, hakuna mfululizo wa hesabu za ndege unaoweza kuwekwa kando ya vipimo vya maji. Viboko wana mawakili kwa kuwa ni wakubwa na huonekana kutoka angani. Mnandi na kwarara hawakuachiwa hati.

Hasara hii inaonekana pia katika orodha ya Ramsar. Kati ya mwaka 2000 na 2004, Tanzania iliingiza maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Malagarasi-Muyovozi, makazi ya korongo nyangumi, ni jirani ya Katavi kwa upande wa kaskazini, na kuwemo kwake kunathibitisha kuwa magharibi haikusahauliwa yote. Lakini Katavi na Rukwa hazikuwemo. Haitakuwa haki kudai kuwa upungufu wa hesabu ndiyo sababu pekee. Inatosha kusema kuwa, katika mfumo ambao namba ni hoja, bonde lisilo na mfululizo wa namba huingia barazani likiwa na ulimi mfupi.

7. Nani anayeweza kujitolea?

Kujitolea si jambo geni Tanzania. Madarasa, visima na barabara nyingi za vijijini zilijengwa kwa nguvu za wananchi. Lakini hesabu ya ndege inadai kujitolea kwa namna ya pekee: mtu awe na darubini, nauli, siku huru, na kitabu cha kutambulia ndege, ambacho kwa kawaida kimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo wahesabuji wa awali wengi walikuwa wageni wakazi, watafiti na watumishi wa uhifadhi. Kuwalaumu kungekuwa kukosa shukrani, kwa maana bila wao hata namba za 1995 zisingekuwepo. Ila ni wajibu kuuliza nani hakuwezeshwa kuwa miongoni mwao.

Katika vijiji vya wakulima wa nafaka nchini kuna kazi ya siku nyingi inayoitwa kuamia. Mtoto au mzee hukaa juu ya dungu tangu alfajiri hadi jua linapozama, nafaka inapokaribia kukomaa, akiwafukuza ndege kwa kelele na kombeo. Mwamiaji hujua kundi linatokea upande gani, saa ngapi, na kama mwaka huu ni kubwa kuliko mwaka jana. Huyo ni mtazamaji wa ndege kwa kila maana ya neno, anayekaa mahali pamoja kwa majuma mfululizo, jambo ambalo mhesabuji wa Januari hawezi kulifanya. Kinachokosekana ni karatasi, na mtu wa kuipokea karatasi hiyo kwa heshima.

Hesabu ya kiangazi ingelegeza vikwazo kadhaa kwa pamoja. Kuanzia Agosti mkulima wa Kasokola amekwisha kuvuna, njia ya kwenda Sitalike ni kavu, ndege wamekusanyika, na majina mwari, mnandi, furukombe, yangeyange na kitwitwi yapo tayari katika Kiswahili, yakisubiri kuchapwa katika fomu. Mwezi uliochaguliwa kwa ajili ya kuhesabu watu wa Tanzania ungewafaa pia ndege wa Katavi, kwa sababu zilezile.

8. Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa hesabu ya ndege ya Januari ilizaliwa katika baridi ya kaskazini na ikafika Tanzania ikiwa na manufaa ya kweli, hasa kwa ndege wahamaji. Yameonesha pia kuwa katika Katavi kalenda hiyo ilipishana na masika, palizi na hali ya barabara, na ikaacha kumbukumbu ambazo ukimya wake ni rahisi kusomwa vibaya. Funzo la kwanza ni la kitaaluma: mtafiti wa historia ya mazingira ya magharibi mwa Tanzania asiiandike nafasi tupu kuwa sifuri, wala asichukulie uchache wa ripoti kuwa uchache wa viumbe. Funzo la pili ni la kiraia. Mto Katuma unagawanywa sasa, baina ya mashamba na hifadhi, na mgawanyo huo utafanywa kwa namba zilizopo mezani. Kila kiangazi kinachopita bila mtu wa kusimama ukingoni na kalamu kinaongeza nafasi nyingine tupu, na nafasi ya mwaka uliopita haijazwi kwa hesabu ya mwaka ujao.